Amri ya Kurudisha: Mali Inaposhikiliwa na Serikali bila Haki

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5 ya Sheria za Tanzania, hujulikana zaidi kwa kuzikataza mahakama kutoa zuio dhidi ya Serikali. Lakini ndani yake mna katazo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mtu akiishtaki Serikali ili arudishiwe ardhi au mali nyingine, mahakama hairuhusiwi kuamuru akabidhiwe. Inaruhusiwa kutamka tu kwamba yeye ndiye mwenye haki nayo dhidi ya Serikali. Mdai hushinda, akatoka na tamko, na mali ikabaki palepale ilipo hadi aliyeishika aone vema kuitoa.

Dai la makala hii ni kwamba katazo hilo, likisomwa pamoja na uamuzi mmoja wa Mahakama Kuu ulioripotiwa mwaka 1986, linamfungulia mwenye mali mlango mwingine ulio mfupi zaidi, yaani maombi ya mandamus, amri ya mahakama inayomlazimisha mtendaji wa umma atimize wajibu wake wa kisheria. Mawakili wengi huufikia mlango huo wamechelewa kwa sababu wameanza na kesi ya madai, na kesi ya madai ndiyo chombo kibovu kuliko vyote pale mali yenyewe inapokuwa inakula, inanyonyesha au inaota kutu.

Tuliweke jambo hili Gitting, kata ya wilaya ya Hanang iliyo chini ya mlima. Mfano ni wa kubuni, ila hauna kitu kigeni kwa mtu wa kule. Mfugaji ana ng'ombe kumi na wawili. Jioni moja ya kiangazi kijana anayechunga anarudi peke yake: askari wamewaswaga ng'ombe wakidai wamewakuta ndani ya mpaka wa msitu wa hifadhi. Baba mtu anashikilia kwamba alama za mpaka ziko juu zaidi na kwamba ng'ombe walikuwa malishoni mwa kijiji. Kesho yake anawakuta kwenye zizi la muda. Hakuna hati ya ukamataji iliyoandikwa idadi wala rangi, na hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Watatu kati ya wale majike wana maziwa, na ndama wao wako nyumbani wanalia. Anaambiwa asubiri, bosi yuko safarini. Wiki ya pili mmoja anakufa. Wiki ya tatu anasikia fununu za mnada.

Akienda kwa wakili, jambo la kwanza atakaloelezwa ni notisi ya siku 90. Kifungu cha 6 cha Sura ya 5 kinataka Serikali ipewe notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kushtakiwa, ikieleza msingi wa madai, na nakala ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Historia ya notisi hii ni ya ukombozi wa namna yake. Kabla yake sheria ilimtaka mwananchi aombe ridhaa ya Serikali ili aishtaki Serikali hiyohiyo. Jaji James Mwalusanya aliikataa ridhaa hiyo katika shauri la Peter Ng'omango, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikaimaliza kabisa katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Bunge lilijibu kwa Sheria Na. 30 ya 1994: ridhaa ikaondoka, notisi ikaingia. Mwaka 2020 masharti hayo yalipanuliwa yakazihusu pia halmashauri na wakala za Serikali, na Mwanasheria Mkuu akawa mdaiwa wa lazima katika kila shauri la aina hii. Asipounganishwa, shauri zima huharibika.

Ukilinganisha na ridhaa, notisi ni nafuu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini siku 90 ni miezi mitatu ya kiangazi. Zikiisha, kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, hata kama ng'ombe wote kumi na wawili hawafikishi thamani ya kawaida ya shauri la Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Gitting hiyo ni Babati, makao makuu ya mkoa, ambako Mahakama Kuu sasa ina masjala ndogo ya Manyara; zamani ilikuwa Arusha. Baada ya hapo huja majibu ya utetezi, usuluhishi, mashahidi na hukumu. Mwisho wa yote, kwa mujibu wa kifungu cha 11, kuna tamko. Ng'ombe ni mnyama wa kuishi miaka kadhaa, na kesi inaweza kumzidi umri.

Baadhi ya majaji wameona ukali wa hali hiyo, wakawa wanatoa amri ya muda iitwayo Mareva katika kipindi cha notisi, kwa jina la kampuni iliyoshinda shauri Uingereza mwaka 1975. Amri hiyo inasaidia: huweza kusimamisha mnada. Haimrudishii mtu ng'ombe, wala ndama hawatanyonya Mareva.

Sasa tuje kwenye uamuzi wa 1986. John Mwombeki Byombalirwa aliwafikisha mahakamani Mkuu wa Mkoa na Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Bukoba, kuhusu mali yake iliyokuwa mikononi mwa dola. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu msako wa wahujumu uchumi wa 1983, wakati ambapo shehena ya dukani ilitosha kumfanya mtu mtuhumiwa, na maghala ya polisi yalijaa vitu ambavyo wenyewe walikuwa wanaogopa kuvidai. Jaji alikuwa Mwalusanya huyohuyo. Katika uamuzi huo aliweka masharti matano ambayo hadi leo hunukuliwa karibu katika kila ombi la mandamus Tanzania. Mwombaji awe amedai jambo lifanywe, na mtendaji awe amekataa. Mtendaji awe na wajibu wa kisheria ulio kwa umma na pia kwa mwombaji mwenyewe, usiwe wajibu kwa dola peke yake. Wajibu huo uwe wa lazima, usiwe wa hiari yake. Mwombaji awe na maslahi ya kutosha katika jambo lenyewe. Na pasiwe na nafuu nyingine inayofaa.

Sharti la tano ndilo ambalo mawakili wa Serikali hukimbilia. Hoja yao huwa hivi: mwombaji ana nafuu nyingine, atoe notisi, afungue kesi ya madai, athibitishe umiliki kwa ushahidi, alipwe. Kwa sura ya nje hoja inapendeza, na waombaji wengi wameangukia hapo. Ila neno la uzito katika sharti hilo ni «inayofaa». Nafuu inayofaa kwa mtu anayetaka ng'ombe wake ni ile inayoweza kumrudishia ng'ombe wake. Kesi ya madai, kwa amri ya Bunge lenyewe, haiwezi. Kifungu cha 11 kimeiondolea mahakama uwezo wa kuamuru makabidhiano katika kesi ya namna hiyo. Serikali haiwezi kusimama asubuhi na kusema mwombaji aende kwenye kesi ya madai kwa kuwa huko atapata haki yake, kisha mchana, kwenye kesi hiyohiyo, iseme mahakama haina ruhusa ya kumpa. Kadiri kifungu cha 11 kinavyoinyima kesi ya madai meno, ndivyo sharti la tano la Byombalirwa linavyotimia lenyewe.

Mapitio ya mahakama, ambamo mandamus imo, hayaguswi na vikwazo hivyo. Ombi la mandamus huletwa chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 310, na kanuni zake za 2014. Halihesabiwi kuwa kesi ya madai dhidi ya Serikali, kwa hiyo halisubiri siku 90. Linahitaji kibali kwanza, Mwanasheria Mkuu aitwe asikilizwe, na lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi unaolalamikiwa. Hapo ndipo mtego ulipo. Mfugaji anayeshauriwa atoe notisi na kungoja amekwisha kula nusu ya miezi yake 6 kabla hajaandika chochote mahakamani. Nimeona hoja nzuri za mandamus zikitupwa kwa sababu hiyo tu: wakili alianza na njia ndefu kwa heshima, akarudi kwenye njia fupi muda umekwisha.

Barua ya kudai ni sehemu ya ombi, isichukuliwe kama adabu tu. Iandikwe mapema, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya au mkuu wa hifadhi anayeshika mali, itaje ng'ombe mmojammoja kwa rangi, alama na namba ya hereni kama wamesajiliwa chini ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010, iweke siku ya mwisho ya kujibu, na nakala ya mwombaji igongwe muhuri wa masjala kwamba imepokelewa. Bila muhuri ule, sharti la kwanza la Byombalirwa huwa neno la mmoja dhidi ya mwenzake. Na ukimya baada ya siku iliyotajwa kupita uhesabiwe kuwa kukataa. Ikiwa mtendaji anaweza kukwepa mandamus kwa kutojibu barua, basi hakuna atakayejibu.

Sharti gumu kwa kweli ni la tatu, la wajibu wa lazima. Polisi na askari wa hifadhi wana hiari kubwa ya kushika vitu, na ni sawa wawe nayo. Kielelezo kinachohitajika mahakamani hakiwezi kurudishwa kwa sababu mwenyewe anakihitaji nyumbani. Mifugo yenye dalili za ugonjwa wa kuambukiza hukaa karantini hata mwenyewe akilia. Mtu anayetetea kifungu cha 11 atasema kwamba ndiyo maana Bunge halikutaka mahakama ziamuru makabidhiano: kuna mali ambayo kuitoa ghafla kutaumiza kazi ya umma. Naikubali hoja hiyo nusu. Inaeleza kwa nini Serikali ipewe muda wa kushika. Haielezi kwa nini iendelee kushika baada ya sababu kuisha. Hiari ya mtendaji huishi pamoja na sababu iliyoizaa. Upelelezi ukifungwa, mashtaka yakiondolewa, mshtakiwa akiachiwa huru, au ikapita miezi bila mtu kushtakiwa, hakuna tena cha kuamua. Kilichobaki ni kurudisha, na wajibu huo ni wa lazima. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yenyewe inamtaka afisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi iliyosainiwa na mwenye mali na shahidi. Na miongozo ya polisi, hasa PGO 229, pamoja na daftari la vielelezo PF 16, inataka kila kitu kiwe na mahali kilipo na historia ya kila mkono uliokishika. Sheria isingejali kuandika yote hayo kama mali hiyo haikukusudiwa siku moja ifike kwa mtu.

Palipokuwa na kesi ya jinai, njia huwa fupi zaidi, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa. Hakimu aliyemwachia mshtakiwa ana uwezo wa kuamuru vielelezo virudi kwa mwenyewe. Mara nyingi hukumu hunyamaza kuhusu vielelezo, kila mtu akaenda nyumbani, na pikipiki ikabaki uani mwa kituo ikizibwa na nyasi. Wakili anayesubiri kusikia neno «huru» na kukusanya makaratasi yake amefanya nusu ya kazi. Ombi la dakika mbili mbele ya hakimu huyohuyo, siku hiyohiyo, lingemwokoa mteja wake na safari za Babati.

Uganda imekwenda mbali kuliko sisi. Katika shauri la Osotraco dhidi ya Mwanasheria Mkuu, kampuni ilikuwa imenunua nyumba Bugolobi, Kampala, nyumba ambamo watu wa Serikali walikuwa wakiishi na hawakutaka kutoka. Sheria ya Uganda ya mashauri ya Serikali ina katazo pacha wa kifungu chetu cha 11, kwa kuwa zote mbili zimenakili sheria ya Uingereza ya mwaka 1947. Mwaka 2002 Jaji Egonda-Ntende alikataa kuishia kwenye tamko. Alisema katiba inampa aliyevunjiwa haki nafuu ya kweli, na tamko lisilotekelezeka si nafuu. Sheria ya zamani isomwe kwa kuinamia katiba, si katiba kuinamia sheria. Aliamuru watu watolewe nyumbani, na Mahakama ya Rufani ya Uganda ikaunga mkono. Waingereza wenyewe, wenye sheria mama, walikwisha lilegeza katazo lao katika M dhidi ya Home Office mwaka 1993: Baraza la Mabwana lilikubali kwamba katika mapitio ya mahakama amri za kulazimisha zinaweza kumgusa hata waziri. Tumebaki tunalinda ukuta ambao aliyeujenga amekwisha utoboa.

Na hatuhitaji kwenda Kampala wala London kutafuta msingi. Jirani ya Hanang kuna shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria za ardhi Tanzania amelisoma: Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Baba na mwana kutoka Mbulu walidai mahakamani ardhi yao ya kimila, wakashinda na kurudishiwa. Rufaa ya upande wa pili ikiwa bado inasubiri, Bunge lilipitisha Sheria Na. 22 ya 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzifungia milango mahakama, pamoja na kuua mashauri yaliyokuwa yakiendelea. Walikwenda Mahakama Kuu wakipinga sheria yenyewe, wakashinda. Serikali ikakata rufaa. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilisema mambo mawili yenye uzito kwetu. Haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, hata kama hakuna hati wala jengo juu yake, mradi mtu ameitolea jasho. Na sheria inayomzuia mtu asifike mahakamani kudai haki yake ni batili.

Kifungu cha 11 hakifungi mlango wa mahakama kama ilivyofanya sheria ya 1992. Kinamruhusu mtu kuingia, kusema na kushinda, kisha kinamtoa mikono mitupu. Sioni tofauti hiyo ikiwa kubwa kiasi cha kukiokoa mbele ya ibara ya 24, wala mbele ya ibara ya 107A iliyoongezwa mwaka 2000, inayozitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Kesi ya kukipinga moja kwa moja ingepitia Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, Sura ya 3, ambayo tangu 2020 inamtaka mleta maombi aoneshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi na kwamba amemaliza njia nyingine. Mfugaji aliyepata tamko na akanyimwa ng'ombe ana vyote viwili. Ila hiyo ni kesi ya miaka. Sipendekezi mtu wa Gitting aibebe mgongoni mwake huku ndama wanakufa.

Hanang ina upande mwingine wa historia, mchungu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, yaliyofikia ekari zipatazo 100,000 kwenye malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake waliishtaki NAFCO, wakafanikiwa Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza. Sababu moja ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Mbarbaig, katika nchi ya Wabarbaig, aliambiwa hakuleta ushahidi kwamba ni Mwafrika. Unaweza kukasirika, na mimi hukasirika kila niusomapo uamuzi ule, lakini funzo lake la kiufundi liko wazi: dhidi ya Serikali hakuna jambo linalojulikana na wote ambalo halihitaji kuthibitishwa. Hata ng'ombe ambaye kijiji kizima kinamjua kwa jina anahitaji hereni, picha ya simu, shahidi aliyekuwapo wakati wa kukamata, na mwenyekiti wa kitongoji aliyeandika kitu siku hiyohiyo.

Fidia nayo isiachwe, hata kama mandamus imefanikiwa. Tanzania ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ndani yake mna kosa la madai la kushikilia mali ya mtu isivyo haki. Waingereza walilifuta kosa hilo mwaka 1977. Kwetu bado liko hai. Faida yake ni kwamba thamani ya mali hupimwa kwa bei ya siku ya hukumu, siyo siku ya kuchukuliwa, na juu yake huwekwa hasara ya kuikosa: maziwa, mbolea, jembe la kukokotwa ambalo halikulima. Kwa mali ambayo bei yake inapanda, tofauti ni kubwa. Ukomo ni miaka 3 kwa makosa ya madai ya kawaida, lakini Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa mwaka 1 tu kwa fidia ya jambo linalodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa. Wakili wa Serikali ataishika ile ya mwaka 1. Mwenye mali ahesabu kwa mwaka 1.

Kuna hatari moja inayoua madai haya yote kabla hayajazaliwa. Sheria za misitu na za wanyamapori zinaruhusu kosa kumalizwa nje ya mahakama kwa mtu kukiri na kulipa kiasi fulani. Mwenye ng'ombe anayesikia fununu za mnada atauza mahindi, atakopa kwa shemeji, atalipa chochote ili awaswage nyumbani jioni ile, na kabla ya kulipa ataweka sahihi kwenye karatasi ambayo hakusomewa vizuri. Karatasi hiyo inasema alikosa. Mpaka wa hifadhi ambao angeupinga mahakamani ameukubali kwa sahihi yake. Sidhani kama mahakama inapaswa kuuchukua ukiri wa namna hiyo kama hiari ya kweli, maana hiari ya mtu ambaye mali yake inakufa zizini ina mashaka makubwa. Lakini mzigo wa kuonesha hivyo utamwangukia yeye. Afadhali alipe akiandika pembeni kwa lugha yoyote kwamba analipa kwa kupinga, ili ng'ombe watoke. Kiswahili kinatosha, tangu 2021 ndiyo lugha ya sheria na mahakama.

Kuhusu nani aitwe kwenye ombi, mawakili wana mazoea ya kumtaja Mwanasheria Mkuu peke yake, wakiona ametosha kwa kuwa ndiye Serikali. Kwenye fidia anatosha. Kwenye mandamus hatoshi, kwa sababu yeye hana funguo za zizi. Ombi limtaje kwa cheo chake yule anayeweza kusema «fungueni», awe Mkuu wa Polisi wa Wilaya au mhifadhi mkuu wa eneo, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe pembeni yake. Mahakama ikitoa amri, itakuwa imemgusa mtu mwenye ofisi, mwenye simu, na ambaye asipotii anaweza kuitwa Babati aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kuidharau mahakama.